Daktari wa Panya wa Kinanira: Maisha ya Méthode Kashindi, Papa Chanelle

Baba Padri, ndugu wa Uvira na wa Bujumbura, walimu wenzake, majirani wa Kinanira, na ninyi nyote mliopanda kilima hiki kwa miguu kwa sababu mafuta ya gari hayapatikani, asanteni. Mimi ni Dorothée, dada mkubwa wa marehemu, muuza unga. Kulikuwa na wazo kwamba wasifu huu usomwe na profesa. Marehemu mwenyewe alilikataa akiwa bado anaongea vizuri. Alisema maprofesa watasoma digrii zake mpaka jua lizame, na watu watarudi nyumbani bila kushika kitu. Basi nasoma mimi. Sauti ikikatika mnisubiri, nitaendelea.

Marehemu Méthode Kashindi alizaliwa tarehe 22 Juni 1972 mjini Uvira, mtoto wa pili wa Mzee Gaspard Kashindi na Mama Scholastique, ambao wote wawili wametutangulia. Alikuwa na miaka miwili baba alipopata kazi ya ukarani bandarini Bujumbura, tukahamia mtaa wa Bwiza, na hapo ndipo alipokulia. Alikuwa mtoto wa kuchosha kwa maswali. Mama akichinja kuku, sisi wengine tunangojea nyama, yeye anaokota mguu uliokatwa na kuvuta ule uzi mweupe ulio ndani, ili aone vidole vya kuku aliyekufa vinajikunja. Siku moja alinikimbiza nao uani. Nilipiga kelele mpaka jirani yetu Twahiru akaruka ukuta na panga mkononi akidhani tumevamiwa. Baba alimchapa. Kesho yake akaomba mguu mwingine, eti ule wa kwanza umekauka na bado hajaelewa.

Alisoma shule ya msingi Bwiza kuanzia mwaka 1978, na sekondari katika shule ya mapadri hapahapa mjini, akamaliza mwaka 1991. Mwaka 1992 alikwenda Lubumbashi kusomea udaktari wa mifugo. Miaka ile mnaijua. Vita huku, vita kule, chuo kinafungwa, kinafunguliwa, barua hazifiki. Mama alimwombea misa ya wafu mara moja kwa makosa, kwa sababu mtu fulani kutoka Kalemie alisema amemwona amekufa. Mwaka 1999 akatokea mlangoni na diploma yake na suruali moja. Mama alimpiga kofi kwanza, ndipo akamkumbatia.

Mwaka 2002 alipata nafasi ya kwenda kusoma Ubelgiji, mjini Liège. Sisi tulidhani anakwenda kujifunza ng'ombe wa Wazungu, wale wa maziwa mengi. Alipotuma picha ya kwanza, amevaa koti jeupe na ameshika panya. Mzee Gaspard aliigeuza ile picha huku na huku, akauliza, "Kumbe Ulaya nako kuna njaa?" Alirudi mwaka 2007 akiwa daktari mara ya pili, yaani ule udaktari wa vitabu, na kazi yake yote ilikuwa juu ya ugonjwa mmoja wa misuli. Nitaueleza jinsi alivyonieleza mimi, tumekaa juu ya magunia katika depo yangu ya unga, maana bila huo maisha yake hayaeleweki.

Msuli haujiamrishi wenyewe. Mshipa wa fahamu unauletea ujumbe, na kwenye msuli kuna milango midogo sana ya kupokelea ujumbe huo. Sasa mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Kwa watu wengine askari hao wanageuka, wanaanza kuvunja milango ya nyumba wanayoilinda. Ujumbe unakuja, unakuta mlango umevunjika. Mtu anataka kuinua kope, kope haiinuki. Anataka kutafuna, taya zinachoka kabla ya tonge la tatu. Asubuhi yuko afadhali, jioni hajiwezi. Siku ikiwa mbaya kabisa, misuli ya kuvuta pumzi nayo inachoka. Kwa Kifaransa wanauita myasthénie. Kwa Kiswahili watu wanauita uvivu, au usingizi, au wanasema mtoto amerogwa.

Na panya wanaingia wapi? Nilimuuliza hivyohivyo, kwa hasira, kwa sababu panya ni adui yangu wa biashara. Akanijibu kwamba mtu mgonjwa huwezi kumkata kila wiki uhesabu milango iliyobaki. Kwa hiyo wanamgonjesha panya. Kuna samaki wa baharini mwenye umeme mwilini, na kile kiungo chake cha umeme kimejaa milango ya aina ileile. Wanaitoa, wanamchoma panya sindano. Askari wa panya wanajifunza kuichukia milango ya samaki, halafu wanaifananisha na ya kwao. Zinapita wiki chache, panya anainamisha kichwa, mgongo unapinda, ukimning'iniza kwenye wavu hawezi kujishika. Hapo una mgonjwa ambaye unajua siku aliyoanza kuugua, unajua na sababu, na unaweza kumjaribia dawa. Nilimwambia, "Unagonjesha kiumbe cha Mungu kwa makusudi? Hiyo ni zambi, Méthode." Hakubisha. Alisema, "Inawezekana, Dada. Ndiyo maana nawaangalia mi mwenyewe, hata siku ya Noeli."

Alianza kufundisha chuo kikuu mwaka huohuo wa 2007, na akaomba chumba cha panya. Akaambiwa subiri. Amesubiri hicho chumba mpaka amekufa. Kwa hiyo alijenga nyumba ndogo ya matofali nyuma ya nyumba yake Kinanira, akaweka vizimba na jokofu kubwa la kugandishia viungo vya yule samaki, akaleta panya weupe kutoka Ulaya, wa ukoo mmoja, wenye karatasi zao. Pale uwanja wa ndege mtu wa forodha alifungua sanduku, akaita wenzake wote waje waone. "Sisi huku tunawaua, we unawaletea tikiti ya ndege?" Tangu hapo akaitwa Daktari wa Panya, na mtaani watoto walimwimbia. Alikuwa anakuja kununua kwangu unga na mahindi ya kuwalisha, na mimi mdogo wangu nilimuuzia kwa bei ya kawaida bila huruma. Yaani nafukuza panya mlango wa nyuma, halafu mlango wa mbele nawauzia chakula. Jirani mmoja alimshauri, kama kazi ni ya samaki, mbona asitumie mukeke wetu wa ziwani, ni mtamu na yuko karibu. Méthode alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi tarehe 11 Agosti 2007 alifunga ndoa na Olga, binti wa Mutanga Sud, mwalimu wa hesabu. Siku ya mahari, mnajua tunavyofanya, wazee wanakaa pande mbili wanazungumza mambo ya ng'ombe kwa maneno matamu hata kama hakuna ng'ombe hata mmoja. Msemaji wa upande wa Olga akauliza, huyu bwana harusi tunasikia ni daktari wa mifugo, je, zizi lake lina ng'ombe wangapi? Mzee Gaspard akasimama, akakohoa, akasema, "Mifugo anayo mingi sana. Ila ni mifupi kidogo, na inalala kwenye sanduku." Watu walikufa kwa kicheko. Olga alificha uso kwa mkono. Tangu siku hiyo, akikasirishwa na mumewe, anamwita Bwana Zizi. Mungu aliwapa watoto wawili, Chanelle mwaka 2009 na Loïc mwaka 2013.

Sasa nafika pale ninapopaogopa.

Jumapili moja ya mwaka 2017 walikuja kwangu Kibenga baada ya misa. Tulikula ubwabwa, maharage na mukeke. Chanelle alikuwa na miaka minane. Alikuwa ameacha kula, ameegemeza kidevu kwenye mkono, na kope ya jicho la kushoto imeshuka. Nikasema, "Huyu mutoto anasinzia, mupeleke alale."  Marehemu alimtazama mtoto wake kwa muda mrefu. Akamwambia, "Chanelle, angalia kule juu kwenye kona ya dari, usiondoe macho." Mtoto akaangalia. Tukiwa tunatazama wote, ile kope ikawa inateremka polepole, na ya pili ikaifuata.

Akaniomba barafu. Nilikuwa nayo, nauza maji ya kugandisha. Akaivunja, akaifunga kwenye kitambaa, akamwekea mtoto juu ya jicho, akashikilia dakika mbili. Alipoitoa, jicho lilikuwa wazi, zima kabisa, linang'aa. Jamani, tulifurahi! Tulipiga makofi, meza nzima. Mimi ndiye niliyepaza sauti kuliko wote, nikasema, "Ona sasa, digrii zimefaa kitu!" Marehemu akasema, "Dada, apana. Musipige makofi." Akaweka kitambaa mezani akatoka nje. Nilimkuta amesimama mbele ya geti, ameshika chuma kwa mikono miwili, analia. Baridi inaamsha ile milango kwa dakika chache. Jicho likifunguka kwa barafu, ni ugonjwa wenyewe. Sisi tulikuwa tunaupigia makofi.

Maisha ya mwanafunzi huyo wa panya yakawa maisha ya baba. Vidonge vya Chanelle havikuwepo mjini, vikawa vinaletwa na wasafiri kutoka Kigali na Nairobi, kwenye mifuko ya wafanyabiashara, kwenye begi la sista mmoja, popote. Vinamsaidia kuinua kope na kumeza, lakini haviwazuii wale askari. Vya kuwazuia navyo vilimvimbisha uso, shuleni wakamcheka. Kuna mwalimu alimsimamisha darasani ili asisinzie. Kikundi cha maombi kilikuja kumwekea mikono, na marehemu aliwafungulia mlango, akawapa na soda. Olga alimuuliza, wewe msomi unaamini hayo? Akajibu, "Sina kitu kingine cha kuwaonyesha kuwa naweza."

Chanelle alipenda kuingia kule kwa panya. Alikuwa anawalisha, anawajua mmoja mmoja. Siku moja akamnyanyua mmoja mgonjwa, akamwambia baba yake, "Papa, huyu ana macho kama ya kwangu." Huyo panya ilikuwa zamu yake ya kuuawa wiki ile, ili misuli yake iangaliwe kwenye darubini. Marehemu alishindwa. Alikuwa amewamaliza mamia bila kutetemeka, tena bila kuwaumiza, ila huyo mmoja alimwacha. Akafa kwa uzee. Chanelle alimpa jina la Prodige, na alizikwa kwa heshima kuliko watu wengine ninaowajua.

Miaka hiyo yote alikuwa anajaribu jambo moja. Alisema dawa kubwa za Ulaya zipo, lakini bei yake ni ya mawaziri, haziwezi kufika kwetu. Yeye alitaka njia ya chakula. Anachukua vipande vya ile milango ya samaki, anamlisha panya kidogo kidogo, ili askari wa tumboni wavizoee, waende kuwaambia wenzao kwamba hivi ni vya nyumbani. Mwaka 2020 ilifanya kazi. Panya waliolishwa walichomwa sindano na hawakuugua, wakawa wanapanda wavu kama wezi. Alikuja depo kwangu mchana, wateja wamejaa, akanishika mkono, akacheza na mimi katikati ya magunia, mwalimu mzima wa chuo kikuu amejaa unga hadi nyusi. Nilidhani Chanelle amepona. Kila mtu alidhani hivyo.

Olga alidhani zaidi yetu. Wiki ileile niliwakuta sebuleni wamesimama, na nitawaambia walichosema, kwa ruhusa ya Olga.

Olga alisema, "Panya wa kwako wamepona. Wa kwangu je?"

"Hawakupona, Mama Chanelle. Hawakuugua. Niliwalisha kwanza, mbele ya kuwachoma sindano."

"Na wenye walishaugua, haukuwalisha?"

"Niliwalisha."

"Basi?"

"Wengine walibakia vilevile. Wengine walianguka zaidi."

"Jaribu kidogo tu. Kidogo ya kijiko. Méthode, nakupigia magoti."

Na akapiga magoti kweli, mbele yangu. Marehemu naye akapiga magoti mbele yake, wakawa wote wawili chini kwenye sakafu. Akamwambia, "Panya, mi najua ni siku gani alianza kuugua, kwa sababu ni mi nilimugonjesha. Mutoto wetu, hakuna mwenye anajua ni nani alimugonjesha, wala lini. Panya wote ni ndugu, mwili mumoja. Chanelle ni yeye peke yake. Nikikosea kwa panya, kesho kuna panya. Unataka nikosee wapi?" Olga alimpiga ngumi za kifua, naye akaacha apigwe. Mimi nilisimama na mfuko wangu wa mahindi mkononi kama mjinga. Sikujua niende upande gani, na leo bado sijui.

Mwaka 2021, mchana, Olga akiwa kazini na marehemu chuoni, Chanelle alipandwa na homa kali barabarani akitoka shuleni. Watu wema wakambeba hadi kliniki ndogo ya mtaa. Wakapima, malaria. Wakamtundikia chupa ya kwinini, kama wanavyofanya kwa mtoto yeyote, kama tulivyofanyiwa sisi sote utotoni. Yeye alikuwa anajua. Baba yake alimkaririsha tangu akiwa mdogo kwamba kwinini haifai, kwamba inaifunga ile milango michache iliyobaki. Lakini sauti yake ilikuwa imeshachoka. Alijaribu kusema, ikatoka puani, muuguzi akadhani homa imempanda kichwani, akamwambia alale. Marehemu alipofika alimkuta mtoto ana macho ya wazi nusu na kifua hakipandi. Aling'oa ile sindano kwa mkono wake. Wakampulizia hewa kwa mfuko wa mpira wa kuminya, yeye, kisha muuguzi, kisha Olga, wakipokezana, hadi hospitali kubwa ikapata kitanda chenye mashine. Alipona. Yule muuguzi alilia, na marehemu hakumlaumu, alimwambia umefanya ulichofundishwa. Lakini tangu siku hiyo mdogo wangu alikuwa akisikia simu anaruka.

Mwaka 2023 kazi yake ikaisha, na haikumalizwa na mtu. Umeme ulikatika Kinanira siku nyingi mfululizo. Jenereta alikuwa nayo, mafuta hayakuwepo, alipanga foleni na dumu lake kama ninyi nyote na akarudi na dumu tupu. Alitafuta barafu kwa wavuvi, kwenye baa, kwangu. Haikutosha. Vile vipande vya samaki, vya miaka yote, vikayeyuka kwenye jokofu vikaharibika. Nilimkuta anavitoa kimojakimoja, vichupa vya maji machafu, anavipanga juani kama anaanika dagaa.  Mwenzake wa chuoni, Dr. Népomuscène, alimsaidia kuwamaliza panya waliobaki, maana bila vile vipande hawakuwa na kazi tena, na Méthode mwenyewe alishindwa. Vile vizimba vipo mpaka leo, vitupu.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2025 alianza kuumwa ubavu wa kulia. Alisema ni tumbo, akanywa dawa za tumbo. Alikonda. Mwezi wa saba wakamwambia ni ini, na kwamba limeshakwenda mbali. Alinitazama akacheka, akasema, "Ini, Dada! Mi sijawahi kabisa kufanya kazi ya ini." Hapakuwa na la kufanya. Tulimpeleka kila mahali ambapo gari lingeweza kufika, na kila mahali walimpa vidonge vya maumivu na maneno mazuri. Nilimkasirikia. Nilimwambia, umesoma miaka yote hiyo, umeponya panya, hauwezi kujiangalia mwenyewe? Alinishika mkono tu. Mkono wake ulikuwa mwepesi.

Jambo la mwisho aliloniomba nalitimiza sasa hivi. Alisema kwamba mjini humu hakuna anayetupa karatasi ya mazishi yenye picha ya marehemu. Tunazichomeka nyuma ya picha za ukutani, ndani ya Biblia, kwenye kioo cha kabati, kwa sababu kuitupa tunaona ni kama kumtupa mtu mwenyewe. Akasema, "Watu mia tatu watapeleka uso wangu nyumbani. Nyuma ya uso wangu usiandike digrii. Andika dawa." Nikambishia. Nilimwambia watu wanataka kusikia ulizaliwa wapi, ulisoma wapi. Tukakubaliana mimi niseme yote, lakini ukurasa wa nyuma ni wake. Igeuzeni hiyo karatasi mliyoshika. Imeandikwa hivi: Chanelle Kashindi wa Kinanira ana ugonjwa wa myasthénie. Akikutwa na homa, asipewe kwinini. Asipewe sindano ya gentamisini. Asipewe magineziamu. Kuna dawa nyingine za malaria anazoweza kupewa. Akishindwa kusema, haina maana kwamba hana la kusema. Na namba ya simu ya mama yake iko hapo chini. Wauguzi mliomo humu, wenye maduka ya dawa, madereva wa teksi, mabwana na mabibi, ninawaomba muisome mara mbili. Ninyi ndio mtakaomwokota barabarani, sisi hatutakuwepo kila mahali. Alikuwepo yeye.

Marehemu aliaga dunia siku ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi, nyumbani kwake Kinanira, mkono wake ukiwa mkononi mwa Olga. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Dakika chache kabla alimuuliza Olga kama Chanelle amemeza kidonge cha asubuhi. Olga alisema ndiyo. Nilikuwa pale mlangoni, na niseme ukweli, hakuwa amemeza. Zilikuwa zimebaki chembe chache, tulikuwa tunazigawa. Wiki hii mtu wa Kigali ametuletea nyingine. Za mwezi ujao hatujui zitatoka wapi wala kwa nani, na yule aliyekuwa anajua ndiye huyu tunayemrudishia Mungu.

Anaacha mjane wake, Olga; watoto wake, Chanelle na Loïc; dada zake wawili, mimi Dorothée na mdogo wetu Chance aliye Bukavu na ambaye njia imemzuia kufika; wapwa, wakwe, wanafunzi wake wengi, na rafiki yake Dr. Népomuscène.

Chanelle amekaa pale mbele, kiti cha kwanza, kando ya mama yake. Saa hizi ni saa nane, jua kali, ni saa yake mbaya. Mnaona kope zimeshuka. Mnaona mdomo hausogei na hatoi sauti kama sisi tunavyotoa. Tangu asubuhi nimesikia mtu nyuma yangu akisema, mtoto gani huyu anasinzia kwenye mazishi ya baba yake. Hasinzii. Analia kwa nguvu zote alizonazo, na ndizo hizo. Nikimaliza kusoma mtapita kumpa mkono, mmoja mmoja, na ninawajua, kila mmoja wenu atamwambia lile neno tunalomwambia kila mfiwa: jikaze. Nawasihi kwa ajili ya huyu aliyelala hapa, msimwambie. Akijikaza ndipo anapoishiwa. Baba yake alitumia maisha yake yote kwenye jambo hilo moja na hakulipatia jibu. Mwambieni akae. Mwambieni apumzike.

Na wewe Méthode, mdogo wangu, pumzika nawe kwa amani. Kazi yako hatuiwezi. Kiti tutampa mwanao.